Kocha Aliyekataa Kukimbia

Kocha wetu wa raga hakukimbia. Alitufundisha kupokezana mpira na kuupiga mbali, kwenye mchanga wa mto uliokauka, kwa kuwa uwanja wa shule ulikuwa mawe na miiba. Lakini tulipofikia somo la kumwangusha mtu mwenye mpira, alitupa kisogo akaenda kunywa maji. "Hilo mtajifunza wenyewe," alisema.

Sababu yake ilikuwa pale ukingoni, ndani ya mkokoteni: mwanamume aliyefunikwa shuka hadi kifuani. Kila jioni kocha mwenyewe ndiye aliyemsukuma kutoka mtaa wa Chechelesi. Miaka ya sabini wote wawili walitoka hapa Isiolo kwenda kuchezea timu moja Nairobi. Siku moja mazoezini, kocha akikimbia na mpira, rafiki yake alimjia ameinamisha kichwa mbele ya magoti yake. Goti likapata shingo. Yule hakusimama tena, na kocha hakucheza tena. Hata mjini, mtu akimjia moja kwa moja, kocha alikaa kando mpaka apite, macho chini, kama anayepisha jeneza.

Nilikuwa kidato cha nne, na zilikuwa zimebaki siku mbili tucheze mechi yetu ya kwanza, dhidi ya shule moja ya Meru. Mimi nilikuwa mlinzi wa mwisho. Mpinzani ambaye angewapita wenzangu wote angekutana na mimi, nami sikujua nimfanye nini. Kila nilipoutazama ule mkokoteni nilijiona nimelala ndani yake.

Jioni hiyo yule mtu aliniita.

"Kijana, ukimwendea mwenye mpira, kichwa unaweka wapi?"

"Mbele ya magoti," nikasema.

Alifumba macho. Kisha akaita, "Wewe, kocha. Kuja hapa."

"Tutaongea nyumbani, ndugu yangu."

"Nyumbani unaniletea maziwa ya ngamia tu. Nimeshiba maziwa. Huyu atakuja kulala hapa kando yangu, na mkokoteni hautatutosha. Chukua mpira ukimbie, nimwonyeshe."

Kocha alichukua mpira. Alikimbia hatua kumi, akasimama mbele yangu.

"Mbuzi wa kule Kipsing wanakushinda mbio," mtu wa mkokoteni alisema. "Rudia. Na wewe kijana, kichwa kipite nyuma ya mapaja yake, bega ndilo lipige. Macho wazi."

Safari hii alikuja kweli. Niliuona uso wake, na haukuwa ukinitazama mimi. Ulimtazama mwingine, aliyesimama mahali pangu miaka mingi kabla yangu. Nikaingiza bega. Mchanga ukatupokea sote wawili.

Kocha alijiinua akapiga magoti. Vidole vyake vilipita shingoni mwangu, pingili baada ya pingili, polepole, kama anayetafuta mwiba.

"Sogeza mikono," alisema.

Nikaisogeza.

"Miguu."

Nikaisogeza. Nilitaka kuinuka, akanizuia kwa kiganja kifuani.

"Tena," alisema. "Isogeze tena."