Bibi Harusi na Lori Lenye Mizizi

Mpaka leo nikipita kwenye daraja la mto Tshopo natazama chini, maana wale vijana wa toleka, wanaobeba abiria kwa baiskeli, hawajasahau, na mmoja wao akiniona lazima apige kengele na kuniuliza kama leo nimekuja na upepo wangu. Basi bora niwasimulie mwenyewe, kwa sababu wao wanaongeza chumvi.

Nilikuwa nimechoka na mashua za Yanonge (mimi sikai mahali, hata shule niliiacha mapema kwa kufuata malori ili nijue yanakwenda wapi), nikajishikiza kwa Tonton Faustin, fundi wa magari pale Kabondo. Mikononi alikuwa na lori la Papa Ramazani, zee kuliko mimi, ambalo breki zake ulizikanyaga huku unamwomba Mungu. Papa Ramazani alikuwa anamwoza binti yake wa mwisho, Zaina, ng'ambo ya mto, na baba wa bwana harusi, Papa Bilali, alikuwa amesema mbele ya watu kwamba bibi harusi wao hatapanda jeneza lenye magurudumu. Maneno yale yalimchoma mzee. Lori lile ndilo lililomlisha Zaina tangu mdogo, na alitaka afike nalo, likiwa na breki ambazo hakuna mtu atazicheka.

Tonton akang'oa breki za zamani zote akafunga za upepo, alizozitoa kwenye lori jingine lililopinduka (breki zilikuwa nzima, dereva ndiye aliyelala). Jamani, mimi nilidhani upepo ndio unaoshika magurudumu. Kumbe kule nyuma kuna mikebe ya chuma, na ndani ya kila mkebe kuna springi nene kama kidole gumba, imebanwa na hasira zake zote, na upepo wa kwenye tangi ndio unaoizuia. Upepo ukiwepo, gurudumu liko huru. Ukiisha, springi inafunguka na gurudumu halizunguki tena. Yaani lori zima linatembea kwa sababu kitu kisichoonekana kimekishika kitu kinachoweza kunivunja mbavu. Nilichuchumaa nikautazama mkebe ule mpaka Tonton akaniuliza kama nataka kuuoa.

Stata ya lori ilikuwa imekufa zamani, na Kabondo hakuna mwanaume ambaye hajawahi kulisukuma. Ndiyo desturi yetu, gari likizima watu wanakuja, wanasukuma, linawaka, mnashukuriana. Stata ingengoja mpaka baada ya harusi. Asubuhi ile Tonton alijaza tangi kwa mashine yake ya kupulizia matairi, tukasukuma, likanguruma, akanipandisha nyuma pamoja na mashangazi na masufuria ya pilau.

"Na moteur isizimike," akaniambia. "Unasikia?"

Nilisikia, injini isizimike.

Katikati ya daraja wakwe walitungojea kwa dufu, na Papa Ramazani, aliyekuwa akiendesha, akashuka kuwasalimia, akaniita mbele akaniachia usukani nishike tu. Zaina alikuwa kando yangu, mikono imejaa hina. Papa Bilali akasogea mlangoni akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka wote wasikie, hizo frein mupya, yaani breki, ziko wapi, maana yeye haoni kitu. Nikaanza kumweleza habari za upepo, lakini injini ilipiga kelele na mto nao unanguruma, mzee akawa anaweka mkono sikioni. Nikaona, aah, nizime kidogo tu, watu wa kusukuma si hawa hapa daraja zima? Nikazima. Nikaingia chini, nikavuta kipete cha kumwagia maji yanayojikusanya kwenye tangi la upepo, ili mzee asikie mwenyewe, upepo ukatoka *pshaaaa* mpaka dufu likanyamaza. Uzuri wake sitausahau. Halafu kule nyuma kitu kikasema *ko*.

Papa Ramazani aliagiza tusukume. Tukasukuma, wakwe wakasukuma, Papa Bilali mwenyewe akavua kofia akaweka bega, na lori halikutikisika hata kwa kiasi ambacho nyumba hutikisika mlango ukibamizwa. Hapo ndipo nikaelewa: bila upepo haliendi, bila kwenda haliwaki, bila kuwaka halitengenezi upepo. Pikipiki zimejaa pande zote mbili, honi, na wa toleka mmoja anauliza, kama mulitaka kujenga hapa, mulipata kibali?

"Papa Ramazani," akasema Papa Bilali, anahema, "sisi tuliomba kamiyo iko na frein. Hatukuomba kamiyo iko na mizizi."

Papa Ramazani akanigeukia. "Weye. Ulifanya nini?"

"Niliwasikilizisha upepo, papa."

Afadhali angenipiga. Wakwe wakaanza kusema imamu anangoja, bibi harusi apande toleka, na Papa Ramazani akasimama mbele ya mlango wa lori kama mtu anayezuia nyumba yake isivunjwe. Zaina akatoa kichwa dirishani.

"Kama ni upepo tu ndio ulitoka," akasema, "si muurudishe?"

Nikatazama baiskeli. Kila moja ina pampu. Na pale Tonton alipojazia asubuhi pana kidude cha kupitishia upepo, kama cha tairi.

Walipokezana, wa toleka kwa wakwe, jasho linawatiririka kwenye kanzu, mashangazi wakaimba kufuata pampu, na ule mshale mdogo wa kipimo cha upepo ukapanda taratibu, taratibu, na mimi nimeganda nikiutazama kama mtoto. Pumzi za mikono ya watu, nyingine za watu walionitukana. Kisha kule nyuma *pshh*, na lori likashusha pumzi kama ng'ombe aliyefunguliwa kamba. Tukasukuma, likawaka.

Papa Bilali akawazuia watu wake wasiondoke kwa mguu. "Nililisukuma na mabega yangu mawili," akawaambia. "Hili halitamukimbia mutu. Pandeni." Akaingia mbele na Papa Ramazani, Zaina katikati yao.

Mimi nilirudishwa kwenye masufuria, shati la harusi limejaa grisi, nimekatazwa kugusa hata kifuniko. Tangu siku ile sizimi injini ya mtu ili nisikilizwe. Nikiwa na neno napaza sauti, na kama mto unanguruma kunishinda, nangoja tuvuke.