Kichwa Kilichonyolewa Asubuhi

Mimi si mtu mpole, nasema mapema. Asubuhi ile nilikuwa nagombana na mteja juu ya ndevu zake. Alizitaka mviringo, nami nilimwambia kwa uso wake ule ataonekana mgonjwa. Kibanda changu cha kunyolea kilikuwa kando ya barabara, mbao tupu na kioo chenye ufa, katika mji mdogo huko Kivu, mashariki ya Kongo. Dada yangu Nsimire alipita na jembe begani akaniachia mwanawe, Mugisho, mpaka atakapotoka shamba. Mugisho alikuwa na miaka kumi na miwili, mrefu kupita umri wake, na nywele hazikuwa zimeguswa tangu shule ifungwe.

Shule ilifungwa kwa sababu wenye bunduki walikuwa wanashuka milimani kuchukua vijana. Ilisemekana hawagusi watoto wa shule ya msingi. Na kwetu mtoto wa shule ya msingi unamjua kwa kichwa chake, lazima awe kipara, mwenye nywele mwalimu anamrudisha nyumbani. Nikamtazama mpwa wangu, urefu ule na nywele zile, nikaona kijana wa kuchukuliwa. Nikamwambia akae kwenye kiti.

Hakutaka. Alisema mama yake amemkataza kunyoa mpaka shule ifunguliwe. Nikamjibu kwamba mama yake ni mkulima, kinyozi ni mimi. Nilimnyoa kwa wembe mpaka ngozi ikang'aa, rangi ile ya kichwa ambacho hakijaona jua. Alisema neno moja tu, "Mjomba, wembe ni baridi." Nikamvalisha kofia yangu kumkinga baridi, nikajisifu moyoni.

Walikuja saa nne.

Hawakuwa wale tuliowatarajia. Walikuwa maadui zao, na walikuwa wanajua jambo ambalo sisi hatukulijua: wale wa milimani huwanyoa vijana wao siku wanapowaingiza vitani.

Mkubwa wao alimvua Mugisho kofia. Akapitisha kidole kichwani.

"Huyu wamemnyoa leo," akasema.

Nilisema ni mimi. Nilisema ni mwanafunzi. Kitako cha bunduki kikanipata mdomoni.

Walimfunga mikono kwa kamba ya mbuzi. Hakulia wala hakuniita. Alinitazama tu.

Hatukumwona tena.

Nsimire aliporudi, majirani walimwambia mwanawe amechukuliwa, kichwa kikiwa kipara. Akasema, "Wamemnyoa." Nikanyamaza. Siku ile nilikuwa na kisingizio, mdomo ulikuwa umevimba na meno mawili hayapo. Kesho yake sikuwa na kisingizio, na bado nikanyamaza. Nilinyamaza njiani tukikimbia, nikanyamaza miaka yote ya kambini, nikanyamaza ndani ya ndege iliyotuleta Kanada.

Sasa nakaa Downsview, mjini Toronto, nafungasha vyakula kwenye bohari. Wembe sijashika tangu siku ile. Nsimire anakaa Thorncliffe Park, ghorofa ya kumi na moja, anahudumia wazee. Tunaonana kanisani. Ananisalimia kwa ncha za vidole na kugeuka. Nilikuwa najiambia ni uchungu wa mtoto, hauna uhusiano na mimi. Mtu akitaka kujidanganya haishiwi maneno.

Katika mstari wangu wa kufungasha yuko mama mmoja wa Burma, Ma Khin. Hilo "Ma" ni kama sisi tunavyosema dada. Tunaongea Kiingereza cha kuungaunga, chake kibovu na changu kibovu zaidi. Siku moja aliniambia mwanawe wa miaka kumi atafanyiwa shinbyu. Akanieleza: kwao mtoto wa kiume huvalishwa kama mwana wa mfalme, anabebwa juu ya mabega, kisha ananyolewa kipara na kukabidhiwa kwa watawa. Mzee wao wa kunyoa amepata maradhi ya kutetemeka mikono. Mtu fulani amemwambia mimi nilikuwa kinyozi.

Nilimjibu vibaya sana. Nilimuuliza ni mama gani anayemvisha mtoto dhahabu ili akamtoe. Nilimwambia watu wanaonyoa watoto nawajua, na mahali wanapowapeleka napajua. Wenzetu waliacha kufunga maboksi wakatutazama.

Ma Khin hakukasirika, na hilo liliniudhi zaidi. Alisema mwanawe ataingia Jumamosi na kutoka Jumamosi inayofuata, aende shule kama kawaida. Halafu akasema, taratibu, akitafuta kila neno, "Kaka yangu alichukuliwa na wanajeshi barabarani. Walimnyoa wao. Mama hakuwepo kushika kitambaa. Mimi nataka kushika kitambaa."

Sikuelewa kitambaa gani. Sikuuliza.

Nilikwenda, lakini kwa shari. Nilitaka kuona kwa macho yangu nipate cha kulaani. Ilikuwa nyumba ya kawaida huko North York, watawa wameigeuza kuwa hekalu, viatu vimejaa mlangoni, harufu ya supu ya samaki mpaka barabarani. Mtoto alikuwa amepakwa poda, ana taji la karatasi ya dhahabu, mjomba wake amembeba begani na mtu mwingine anamfunika kwa mwavuli wa dhahabu. Dada yake mdogo alitobolewa masikio siku hiyohiyo, analia huku anakula peremende. Watu walikuwa wanacheka. Mimi nilisimama ukutani nimekunja mikono, na wakinikaribisha chakula natikisa kichwa.

Kisha walimvua taji, wakamkalisha kwenye kigoda. Mtawa mkuu akakata nywele chache na kumwachia yule mzee. Ma Khin na mumewe walipiga magoti wakashika kitambaa cheupe, kila mmoja pembe mbili, chini ya kidevu cha mtoto. Nywele zikaanza kuanguka humo. Ma Khin alikuwa anaangalia kila unywele, hakuna hata mmoja ulioangukia sakafuni. Mtu wa pembeni alinieleza kwamba zitafungwa na kuzikwa bustanini, si za kutupwa ovyo.

Zile za Mugisho nilizisukumia mlangoni kwa mguu.

Mkono wa mzee ulitetemeka. Damu kidogo ikatoka juu ya sikio. Mtoto akashtuka, mzee akainua wembe tena, na mkono ulikuwa unatetemeka zaidi.

Sikuamua kitu. Kinyozi hawezi kusimama anatazama wembe ukishikwa vile. Nilijikuta nimepiga goti, wembe uko mkononi mwangu, na ngozi ya kichwa nimeivuta kwa kidole gumba kama nilivyofundishwa. Kwanza niliuchovya wembe kwenye bakuli la maji ya moto. Nilinyoa polepole. Kile kichwa kilitokea, cheupe-cheupe, rangi ileile. Machozi yalinitoka na sikuona aibu.

Walimvisha kanzu ya kitawa. Halafu Ma Khin na mumewe wakamwinamia mtoto wao mpaka paji likagusa sakafu. Mtoto alikuwa anatabasamu. Jumamosi ijayo atarudi nyumbani. Wivu nilioupata pale ulikuwa mchungu, nauandika kama ulivyokuwa.

Sikungoja supu. Nilipanda basi mpaka Thorncliffe Park, mchana kweupe, nguo zangu zina vinywele vya mtoto wa watu. Nsimire alifungua mlango bila kutoa mnyororo.

Nilimwambia hapohapo kwenye korido, kabla sijabadili nia. Nilisema wale watu hawakumnyoa Mugisho, nilimnyoa mimi, nilidhani namficha, na kwamba ndicho walichomkamatia.

Alinitazama kwenye ule upenyo. Jirani alipita na mifuko ya sokoni, tukangoja apite.

"Najua," akasema. "Jioni ile nilikuja kukutafuta kibandani. Nywele za mwanangu zilikuwa mlangoni pako. Unadhani mimi sizijui nywele za mwanangu?"

Nilitazama vinywele vilivyobaki kwenye shati langu.

"Nilizifunga kwenye leso. Nilizibeba mpaka kambini. Mvua ilipochukua mahema ilichukua na hizo. Nilikuwa nangoja useme. Sikukuchukia kwa wembe. Uliona mtoto atachukuliwa, ukataka kumwokoa, hata mimi ningeweza kukosea hivyo. Nimekuchukia kwa kunyamaza."

Nikamwambia, basi nichukie, ni haki yako. Alisema hakuhitaji ruhusa yangu.

Kisha akauliza, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tulipokuwa kwetu, "Ulipokuwa unamnyoa, alisema nini?"

"Alisema wembe ni baridi."

Nsimire aliweka mkono mdomoni. Miaka yote ile mimi peke yangu nilikuwa na neno la mwisho la mwanawe, na nilikuwa nimemnyima.

"Sema tena," akasema.

Nikasema tena. Mnyororo hakuutoa, na mlango hakuufunga.