Kizibo cha Bibi

Nilianza kumshuku bibi yangu siku aliyokosa ndoo.

Bibi hakosi ndoo. Msimu wa viazi ukifika hapa Kharumwa, yeye hukaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, anamenya viazi vitamu vya kukatia michembe ya kuanika juani, na kila akimaliza kimoja anakirusha nyuma ya bega bila kugeuka. Ndoo iko mbali huko mgongoni kwake. Kiazi kinaingia. Huku anaongea, huku anamfukuza kuku, huku ananiuliza kwa nini mtu wa kidato cha tatu anatembea na shati nje kama aliyekimbia nyumba inayoungua. Kiazi kinaingia tu.

Jioni ile kilipita pembeni, kikabingirika hadi kwenye mavi ya mbuzi. Na bibi, badala ya kuilaumu ndoo kama Msukuma yeyote mwenye akili, akageuka akanitazama mimi. Akanitazama weee. Kisha akakiokota, akakifuta kwa khanga, akakiweka ndoani kwa mkono, taratibu, kama anayetoa sadaka.

Nikajisemea: huyu ameambiwa.

Ngoja nieleze nilichodhani ameambiwa. Shule yetu ina ringi moja la mpira wa kikapu na haina mpira. Mpira ulikuwepo. Mwalimu wa michezo aliufungia stoo usije ukaharibika, ukaharibikia humo humo. Tukabaki na ringi la chuma linalotukodolea jicho kila asubuhi mstarini, na ndipo tukaanzisha ligi ya vizibo. Kila kocha ana wachezaji watano. Kila mchezaji ni kizibo cha soda, na kila kizibo ni mtu halisi wa hapa mjini. Tunacheza wakati wa mapumziko nyuma ya darasa, kwenye uwanja tuliouchora kwa mkaa juu ya saruji. Mchezaji wako akitaka kufunga, unatupa dadu ya ludo, unajumlisha na uwezo wake, unaomba Mungu.

Uwezo unatoka kwenye maisha yake. Kuli anayerusha magunia ya mpunga juu ya fuso ana nguvu. Mama wa vitumbua anayegeuza vyote huku anagombana na mteja ana mikono. Mzee wa kanisa tuliyemwona akiruka mtaro siku ya nyuki, yule tulimpa miguu, na heshima yake ikapanda sana kwetu. Ila uwezo hauhesabiwi mpaka kocha mpinzani auone kwa macho yake, maana makocha wote ni waongo, na mimi ndiye kiongozi wao.

Wachezaji wanaumia na kuhama kama ligi yoyote. Mlinzi wangu mmoja alipelekwa hospitali ya Kolandoto kupasuliwa ngiri, nikacheza na pengo. Mwingine alisikia kuna rashi, yaani dhahabu mpya imelipuka, upande wa Segese; kesho yake hayupo, kaenda na sururu yake, hata kuniaga hakuniaga. Na mimi ndiye kocha wake.

Sheria iliyo juu ya zote ni kwamba mchezaji asijue. Akijua ataanza kujionyesha, na anayejionyesha si mchezaji tena. Mchezaji akijua, kizibo chake kinageuzwa chali na hachezi tena milele. Tunasema amekufa.

Mwisho wa muhula tunachagua Timu ya Nyota: mashariki ya barabara kuu dhidi ya magharibi, kila nafasi mtu mmoja. Mechi hiyo darasa zima linakuja kuitazama. Nafasi ya senta, yaani yule mbabe anayesimama chini ya ringi, upande wetu wa mashariki waliigombea wawili. Wa kwanza bibi yangu. Wa pili mlisha karasha. Karasha ni ile mashine ya kupondea mawe ya dhahabu, na huyu jamaa kazi yake ni kuirushia mawe mdomoni kwa beleshi kutwa nzima, na jiwe halidondoki. Alikuwa kizibo cha jirani yangu wa dawati, msichana anayecheka kwa pua, ambaye baba yake ndiye mwenye karasha. Nililalamika kwamba anamwona mchezaji wake kila siku.

“Na wewe wako unalala naye nyumba moja,” refa akajibu.

Refa ni mtoto wa ustadhi wa madrasa. Tulimpa urefa kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akicheka. Dadu inalala mfukoni mwake.

Nilimtaka bibi awe senta wa Timu ya Nyota kuliko nilivyotaka kufaulu hesabu, na hesabu naihitaji kweli. Nilikuwa nimeshajigamba darasa zima. Kwa hiyo alipokosa ndoo nilianza kuchunguza.

Dalili zilikuwa nyingi. Alikataa kupikia mabua, akanituma kuni kavu zisizo na moshi. Akaanza kunawa macho kila saa, anayabonyeza kwa khanga yenye maji, anajitazama kwenye kioo changu cha kuchania nywele. Nikasema, kumbe yuko kambini huyu, anatunza macho ya kulengea. Kisha akahamishia kigoda chake ndani, na viazi ndani, na akawa anamenya gizani kama mwizi wa viazi vyake mwenyewe.

Siku moja nikimpelekea maji akaniuliza, “Bhabha, yule msichana unayesoma naye ana shida gani na mimi?”

“Shida gani tena, bibi?”

“Ananiamkia sana.”

Basi, nikamjua mchawi wangu. Ukitaka kumuua nyota wa mwenzako, huhitaji dadu. Unampitia nyumbani, unapiga magoti, shikamoo bibi, halafu unamnong'oneza kwamba yuko ligi. Kwisha habari.

Asubuhi nilimvaa dawatini kabla hata hajatoa daftari.

“Umemwambia bibi yangu.”

“Nimwambie nini?”

“Usijifanye.”

“Tena nyamaza,” akasema. “Wewe ndiye umemficha. Umeona mkono unashuka, ukamwingiza ndani. Kila nikipita naambiwa bibi amepumzika. Bibi wa Kisukuma, msimu wa michembe, anapumzika?”

“Juzi ulimwamkia kwa magoti mawili. Nani anaamkia kwa magoti mawili siku hizi?”

“Mwenye adabu. Huwezi kumjua, hamjakutana.”

Refa alitusikiliza wote kama hakimu mwenye njaa, kisha akatoa hukumu. Jumamosi tunakwenda kukagua, sisi watatu, kwa kuwa makocha wengine walikuwa wa magharibi na haikuwahusu. Bibi akirusha mbele yetu, anaingia. Asiporusha, anaingia mlisha karasha. Ikionekana anajua, anageuzwa.

Jumamosi nilimbembeleza bibi atoke nje, viazi vimejaa, wenzangu wanakuja kumsaidia kumenya. Alitoka, lakini alitoka kama anayeitwa barazani kwa mwenyekiti. Nikamwekea ndoo mahali pake pa siku zote. Nikaisogeza karibu kidogo. Jirani yangu wa dawati akaikazia macho mpaka nikairudisha.

“Mwangaluka,” bibi akawasalimu, na hakusubiri waitikie.

Tulikuwa tumekubaliana kutosema neno, tusije tukamshtua. Kwa hiyo tulikaa kwenye gogo watatu, kimya, tukamtazama mikono. Akimenya, tunatazama. Akimaliza kiazi, tunavuta shingo mbele. Naye anainuka kwenye kigoda chake, anakwenda hadi kwenye ndoo, anakiweka, anarudi. Jirani yangu wa dawati alianza kutabasamu kwa pua. Mimi nilikuwa namsema bibi moyoni: rusha basi, rusha hata kimoja, unaniua mwenzio.

Kisu kikasimama.

“Nyie wageni,” bibi akasema, “nendeni mkanitazamie mbuzi huko kwenye minyaa. Huyu abaki.”

Wakaenda, wakasimama kwenye uzio wa minyaa, mgongo kwa mbuzi, macho kwetu.

“Nani amewatuma?” bibi akaniuliza.

“Hakuna, bibi.”

“Mimi nimezaliwa huku huku. Vijana hawakai kimya wakimtazama kikongwe bila kutumwa. Mama wa ng'ambo ya uzio ameshaniambia. Amesema mjukuu wako na wenzake wanaonyeshana mikono yako. Amemsikia mmoja pale barabarani anasema, yule bibi ana nguvu za ajabu, si za kawaida.”

Huyo mmoja ni mimi. Nilikuwa najigamba.

Akagusa jicho lake kwa nyuma ya kiganja. “Ni moshi tu huu,” akasema. “Tangu nimeolewa ni moshi.”

Hapo ndipo nikaelewa kuni kavu, na kioo, na kigoda ndani, na nikatamani nisingeelewa. Huku kwetu wapo vikongwe waliowahi kutazamwa hivyo. Inaanza na macho mekundu ya jikoni, inakuja minong'ono, kisha mtu anatamka neno uchawi, na baada ya hapo hakuna anayesikiliza habari za moshi. Rafiki yake bibi, waliyecheza naye ngoma usichanani, alihama kwenda kwa binti yake akabeba kuku wawili tu, akaacha mahindi shambani yamesimama. Nilipouliza wakati ule kwa nini, bibi alisema amechoka na mahindi. Na mimi niliamini.

Mimi, mjukuu wake anayekula ugali wake, ndiye niliyekuwa naleta watu kuja kumtazama.

Kule kwenye minyaa refa alikuwa amekunja mikono, anasubiri. Nikijinyamazia, labda bibi angechoka kutembea, angerusha kimoja kwa mazoea, na angeingia. Nikisema, amekufa. Nilimtazama mikono tena. Kiazi kile kile kilikuwa bado kimemenywa nusu.

“Bibi, uko kwenye timu,” nikasema.

“Timu ya nini?”

“Ya kikapu.”

Alinitazama kama ninavyotazamwa na mwalimu wa hesabu. Nikaeleza vizibo, nikaeleza dadu, nikaeleza mama wa vitumbua na mzee wa kanisa na nyuki. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikika mwongo zaidi. Ukiwa mtani kutwa, siku ya kusema kweli unasikika kama umezidisha. Bibi alikuwa anatikisa kichwa polepole, ile ya kusema endelea, nikuone unapofika. Mwisho nikatoa kizibo chake mfukoni. Ndani nilikuwa nimebandika kipande cha khanga yake ya zamani, ile iliyochanika kwenye mlango.

Akakigeuza. Akakinusa, sijui kwa nini. Akaitambua khanga.

“Kwa hiyo mimi ni kizibo.”

“Wewe ni senta.”

“Na nani ananigombania hiyo senta?”

“Mlisha karasha.”

“Yule asiye na shingo?”

“Huyo huyo.”

“Yule anatumia beleshi,” bibi akasema, na kwa mara ya kwanza katika siku zile niliona bega lake linashuka. Kisha likapanda tena. “Kwa nini hukuniambia?”

“Ni sheria. Mchezaji asijue.”

“Sheria ya kumnyamazia mtu ni mbovu. Mkinitazama, semeni. Hata uongo semeni. Lakini msinikalie kimya.”

“Sawa, bibi.”

“Hiyo si ya kuitikia tu.”

“Nimesikia, bibi.”

Akachukua kiazi. Akakimenya akikisemesha kwa Kisukuma, sikusikia nini. Kisha mkono ukapita juu ya bega, na ndoo ikalia.

“Imeingia,” jirani yangu wa dawati akasema kule kwenye minyaa, na nadhani ilimtoka bila kupanga, maana alijifunika mdomo.

Refa akaja mbio za adabu. Mimi nikawa namkonyeza bibi, nikamkonyeza tena, jicho karibu linitoke. Refa akapiga goti moja.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba.”

“Naomba kuuliza. Unajua?”

Hakuna aliyekuwa amesikia maneno yetu. Angejibu tu, “Najua nini?” basi, yumo, nami ningevaa tai ya kocha mechi ile. Bibi alimtazama refa, akamtazama msichana wa kucheka kwa pua, akanitazama mimi ninayekonyeza kama mwenye kifafa cha jicho.

“Najua,” akasema kwa sauti ya kufika barabarani. “Mimi ni senta.”

Refa akaninyooshea kiganja. Nikampa kizibo, akakiweka chini kwenye vumbi, akakigeuza chali.

“Nani amemwambia?” jirani yangu wa dawati akauliza.

“Mimi.”

“Umemuua nyota wako mwenyewe?” Akanizunguka, akanitazama mifuko. “Kuna kitu hapa. Wewe una mchezo.” Mpaka leo haamini. Akiniona nimekaa kimya darasani ananihamia pembeni na kuniambia, sema, ulikuwa unapanga nini.

Jioni ile bibi alimwita mama wa ng'ambo mpaka kwenye uzio, akamweleza, tena kwa kelele ya makusudi, kwamba anatazamwa kwa sababu ya mpira, kwamba alikuwa timu kubwa, na kwamba ameondolewa kwa hila. Walioteka maji walisikia. Wauza mkaa walisikia. Kesho yake kigoda kilirudi nje, nami nikapita mbele yake nikipiga kelele kwamba bibi leo mkono umelegea, na yeye akanirushia ganda.

Mechi ya Nyota mlisha karasha alicheza senta, na mashariki tulipigwa vibaya. Kila akirusha, dadu inalala moja. Nilirudi nyumbani nikamsimulia bibi yote, naye alinisikiliza huku anamenya.

“Hiyo dadu aliishika nani?”

“Refa.”

“Yule wa goti moja.”

“Ndiye.”

“Na kwao ni upande gani wa barabara?”

Nikafikiri. Madrasa iko kule kwenye mashine za mpunga. “Magharibi,” nikasema.

Bibi alirusha kiazi nyuma ya bega, kikaingia, akachukua kingine.