Breki Hutunzwa Juu ya Mlima

Haya, ninyi madereva na mautingo wenu, mnaosubiri mpunga upakiwe, sogeeni hapa. Na wewe uliyechoma breki juzi kwenye mteremko, usijifiche nyuma ya tairi. Moshi wako ulionekana mpaka Mwaya ziwani, wavuvi wakarudi nchi kavu wakidhani wake zao wameshapika. Kaa. Sikugombezi. Nataka nikuonyeshe mtu.

Mwanangu, iko siku moja ya ujana wangu naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, na mke wangu akisikia atanisamehe. Ilikuwa enzi ya Mjerumani. Gari letu lilikuwa la ng'ombe, magurudumu ya mbao yamevishwa chuma. Nyuma kulikuwa na mkono wa chuma wa kuzungusha. Ukiuzungusha, magogo mawili ya mti mgumu yanabana magurudumu. Hiyo ndiyo breki. Mimi nilitangulia na kamba ya ng'ombe wa mbele. Kwenye ule mkono wa chuma alikuwa Mzee Ambakisye, na niseme mapema: dereva kama yule dunia ilizaa mmoja, ikachoka.

Tulikuwa tunashusha ngozi na viazi kutoka milimani kwenda Mwaya, kwenye meli. Mteremko wa kushukia Busale wakati ule, nyani walikuwa wanaushuka kwa matako, tena wameshikana mikono.

Palikuwa na dereva mwingine, Gwakisa, wa rika langu. Yeye akifika kileleni alikaza breki mpaka mwisho, akaiacha hivyo hivyo hadi bondeni. Magogo yanalia, yanafuka moshi, ungeweza kuchoma ndizi. Chini anafika na vijiti vya kuchokolea meno. Kila safari akate mti mpya, mpaka msitu ukimwona unahama.

Magogo ya Ambakisye yalikaa hata mchwa wakayazoea. Kabla ya mteremko alisimama, ng'ombe wakapumua. Alianza taratibu. Gari likitaka mbio, anakaza. Likitulia, analegeza ili mti upoe. Uzito mwingine aliwaachia ng'ombe wa nyuma, walioegemea nira kama mbuzi anayevutwa kwenda sokoni.

Siku hiyo nikamtania: "Tata, baba yangu, twende basi. Kwa mwendo huu viazi vitaota majani humu humu."

"Vikiota tutavipanda," akasema. "Na wewe ukilaliwa na gari tutakupanda, ila hutaota."

Nikacheka. Yeye hakucheka. "Breki ni akiba, kijana. Ukiimaliza mahali pasipo na kitu, kwenye kona utatumia nini?"

Akiba haiozi, wazee walisema. Mimi nikafikiri wanasema juu ya mahindi.

Basi tukaingia pale barabara ilipochimbwa ndani ya udongo mwekundu. Kuta pande zote mbili, ndefu kuliko mtu, nafasi ni ya gari tu. Tukakata kona, na mbele yetu mwanamke anapanda, mjamzito, tumbo limetangulia kama mgeni rasmi, na chungu kikubwa cha Wakisi, wale wafinyanzi wa ziwani, kichwani. Alikuwa mke wa mtoto wa kwanza wa Ambakisye.

Ninyi mliozaliwa juzi mnasalimiana na wakwe zenu mkitazamana machoni. Zamani kwetu, mwanamke na baba mkwe hawaonani uso, hawasemeshani. Wakikutana njiani, mwanamke anaingia migombani mpaka mzee apite. Sasa pale migomba iko wapi? Ni ukuta na ukuta. Mama wa watu aliusikia mluzi wa mzee akiwaongoza ng'ombe, akamjua. Akafanya kama alivyofundwa: akatua chungu, akatupa mgongo, akachuchumaa katikati ya barabara na kujifunika nguo kichwani. Heshima yake ameimaliza. Iliyobaki ni kazi ya gari.

Mzee naye hawezi kumwita. Nikamwita mimi, kwa sauti ya kuamsha mamba wa Ziwa Nyasa wote. Hakusogea. Kwake, kuinuka ni kuonekana, na kuonekana ni aibu kuliko kufa.

Nyuma nikasikia chuma kinazungushwa, krr, krr, krr. Yale magogo yalikuwa baridi, mazima, na yakauma gurudumu kama mbwa aliyefungiwa. Gari likaguna, likateleza, likayumba kwenye ukuta, likasimama. Mimi nilikuwa nimejibana ukutani, na ng'ombe wa mbele alikuwa anampumulia yule mama kisogoni. Hapo katikati nzi angepita kwa ubavu.

Nikapenya ubavuni, nikamkuta Ambakisye nyuma ya gari, ameugeukia ukuta ili asimwone mkwewe. Nikamwambia, "Tata, umejua kulisimamisha."

Akasema, "Sikulisimamisha hapa. Nililisimamisha kule juu, tulipoanza polepole."

Mwanangu, nimeona mengi, nimeona hata vita, lakini sijaona tena mikono kama ile. Kwa hiyo nisikilize. Mlima ulioupanda kwa gia ndogo, ushuke kwa gia hiyo hiyo, uiache injini ivute kama ng'ombe wetu wa nyuma. Punguza mwendo kabla ya mteremko, siyo katikati yake. Kanyaga breki kwa nguvu, kwa muda mfupi, kisha achia ipoe. Usiuweke mguu pale kama umeazimwa. Ukiona watu mbali, ondoa mguu kwenye mafuta mapema. Na tajiri akikuongezea magunia, mwambie magunia hayo yatakusukuma wewe, siyo yeye. Mwenda pole hajikwai. Kyala abasaje, Mungu awabariki, mpande na mshuke salama, na wanaowangoja wawaone mnaingia kwa miguu yenu wenyewe.

Mnauliza yule mama? Alijifungua salama, mtoto wa kike mwenye kelele. Ila siku ile, kabla hajainuka, alitaka kusema neno, na haruhusiwi kumsemesha mkwewe. Basi akasema na ng'ombe, akiwa ametupa mgongo vile vile: "Wewe ng'ombe, ndaga, asante, kwa kusimama. Na huyo aliyekufundisha, mwambie amfundishe na mwanawe, maana yule akikaa kwenye pombe hajui kusimama."