Wimbo wa Kubebea Reli

Harufu ya mataruma mapya ya reli yaliyopakwa lami hunirudisha Korogwe, enzi za Mwingereza. Mvua ilikuwa imebomoa njia ya treni, na wanaume walibeba reli mabegani wakiufuata wimbo wa baba, kwani ndio uliowaambia lini wapige hatua. Juu ya tuta kikohozi kikamkaba baba. Wimbo ukakatika, reli ikayumba.

Mama, niliyekuja naye kuleta uji, akaudaka wimbo.

“Wewe mwanamke, nyamaza,” nyapara akafoka.

Mama akamjibu humohumo ndani ya wimbo: “Njoo uibebe wewe.”

“Njoo uibebe wewe,” wanaume wakaitikia, wakapiga hatua.

Leo mhandisi wa reli ni mimi. Winchi inaponyanyua reli, mafundi wangu huona midomo yangu ikicheza. Hudhani nahesabu.