Vitunguu Nilivyomkaangia Jeki

Jamani, mbwa wetu Jeki nilimuua mimi, halafu nikamwacha mtu mwingine abebe lawama. Ilianza Jumatano ya Majivu, saa kumi na mbili na robo jioni.

Kwetu Kwaresima hatugusi nyama wala dagaa, siku zote arobaini. Sasa Jeki ugali mtupu hataki. Ananusa, ananitazama, anaondoka. Nikakaanga vitunguu viwili mpaka vikawa vya kahawia, nikachanganya. Harufu kama ya rosti! Alilamba sahani mpaka ikagonga ukuta.

Nikampa hivyo kila jioni. Wiki nzima! Kwenye daftari langu niliandika kwamba Jeki naye anafunga.

Siku ya nane hakuinuka. Ufizi mweupe, mkojo kama chai ya rangi. Kesho yake akafa.

Mama akaenda moja kwa moja kwa jirani yetu, Bibi Kabula, ambaye Jeki aliwahi kumlia vifaranga.

"Umemtilia sumu!"

"Sumu niitoe wapi, mwanangu? Panya tu wamenishinda humu ndani!"

Watu wakacheka. Mama hakucheka. Mimi nilikuwa nyuma yake.

Jioni hiyo daktari wa mifugo alipita mtaani kuchanja mbwa. Nikamuuliza kwa sauti ndogo.

"Kitunguu? Kibichi, cha kukaanga, vyote vinamharibia mbwa damu, binti. Ungempa karoti, au boga la kuchemsha bila chumvi."

Nikasema asante. Nikaenda kuosha vyombo. Sikusikia uchungu, sikusikia chochote.

Jumamosi jumuiya yetu ya kanisa ilikuwa isali kwa Bibi Kabula. Hakwenda mtu. Nilimwona kupitia dirisha, ametandaza mikeka miwili, amekaa peke yake na rozari.

Wenzangu mnaofuga, kitunguu msimpe mbwa, hata kitunguu saumu, hata mchuzi wake! Na ukikosea, sema siku ileile. Mimi nilikaa siku tatu, na kila siku mdomo ulizidi kuwa mzito.

Jumapili asubuhi nilikwenda kwa Bibi Kabula.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Nikamweleza yote. Akaendelea kuchambua mchele.

"Mimi nilikuwa najua sikuua," akasema. "Kawaambie wasiojua."

Nikaenda bombani. Foleni ndefu, mama yangu akiwa wa tatu. Nikasema.

"Ongea tukusikie, we mtoto!" mmoja akapaza sauti.

Nikarudia.