Bulaimu na Nywele za Chuma

KINDU, 1956. Saa moja asubuhi Bulaimu Sudi anafunika mtambo wa simu ya upepo kwa kitambaa cheusi, anachomeka pembe zote nne kama anayemlaza kichanga, ndipo anaposhika tambara lake. Simu zote za meli na treni za Kindu hupita hapa, kwa hiyo hana haraka.

Miezi miwili iliyopita, kitumbua cha mfagiaji huyu kilibaki kidogo tu kiingie mchanga.

Mwaka jana mchwa walimaliza rafu ya mbao iliyokuwa juu ya mtambo. Mkubwa wa ofisi, Mbelgiji anayependa vitu vya kudumu, akaweka ya chuma kilichopakwa zinki, inayong'aa hadi unaona meno yako. Baadaye mtambo ukaanza kunyamaza. Mara tatu katika majuma matano, na zote ni Jumatatu, siku ya Bulaimu kupangusa rafu.

"Weye njo unamwanga maji ndani ya mashini!" mkubwa alimfokea, kwamba ndiye anayeulowesha.

Barua ya kwanza ya onyo ikaja, ya pili ikafuata. Ya tatu ingekuwa ya kumfukuza, na nyumbani kwake Mikelenge watu sita wanamtegemea.

Ilimuuma, maana kila onyo alilijibu kwa kupangusa zaidi.

"Mimi si mulevi, si mwivi," anasema. "Miaka tisa niko napangusa hii nyumba. Nikajiuliza, mbona siku nasafisha sana njo siku mashini inakufa?"

Kabla ya ofisi alikuwa kwenye kinu cha mpunga. Huko, ukitaka kuona vumbi la pumba, unafunga madirisha na kuacha ufa mmoja wa jua. Jumatatu ya nne, mtambo uliponyamaza tena, akafanya hivyo hivyo. Akapiga magoti, akachungulia rafu kwa chini.

Chuma kilikuwa kimeota nywele! Nyembamba kuliko nyusi za mtoto, zinametameta kwa mamia. Kila alipopitisha tambara, zilidondokea kwenye matundu ya mtambo na kuunganisha nyaya zisizotakiwa kukutana.

Mpiga simu, Félicien, alicheka mpaka akashika mbavu. "Papa Bulaimu, chuma iko naota ndevu?"

Akachungulia mwenyewe. Kicheko kikakauka.

Félicien akaufungua mtambo, akaupuliza kwa pampu ya baiskeli yake. Ukaamka! Bulaimu akaufunika kwa kitambaa cheusi, akapangusa rafu nzima mbele ya mkubwa. Mtambo ukaendelea kulia, na kitambaa kikajaa nywele. Mkubwa akavua miwani, akaifuta, akachungulia tena. Hakuomba radhi, wakubwa hawana desturi hiyo. Lakini alizichana barua zote mbili watu wakiona, na Bulaimu alifurahi hadi machozi yakamtoka.

Tangu siku hiyo mtambo haujanyamaza. Kitambaa kitaendelea na kazi mpaka seremala alete rafu mpya ya mbao.

Alhamisi hii Bulaimu anapanda lori kwenda Lubutu, ambako mtambo nao unanyamaza chini ya rafu ya chuma. Safari hii haendi kufagia, anaitwa kukagua. Akirudi, Félicien atamfundisha kufungua mashini kwa mikono yake mwenyewe.

Ila kabla ya kuondoka ana ombi moja kwa mpiga simu huyo.

"Kule Lubutu pia kuna muntu wa kufagia," anamwambia. "Pigia mukubwa wake simu leo. Asifukuze muntu mpaka nifike."